UZI: Kusafisha sauti ya rekodi adimu za magendo za konseti za roki, kuanzia kwenye kanda yenyewe

Kizazi_Sifuri

Wakuu, kila toleo jipya la konseti ya zamani likitoka, swali la kwanza huwa "umetumia programu gani?" Sehemu kubwa ya ubora hupatikana kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Kanda iliyochezwa ni ya kizazi cha ngapi, yaani imenakiliwa mara ngapi tangu ile ya awali? Kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda, kilikuwa kimekaa sawa? Kasi ilikuwa sahihi? Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo (ule mlio wa shhh wa kanda), iliwashwa au ilizimwa, na kwa sababu gani? Ukikosea hapo, programu itakusaidia kupamba kosa tu.

Chukua rekodi ya Led Zeppelin ya 21 Juni 1977, ukumbi wa The Forum, Inglewood, California. Mike Millard aliirekodi akiwa miongoni mwa watazamaji, kwa maikrofoni za AKG 451E na deki ya Nakamichi 550. Nakala zake zimezunguka kwa miaka mingi katika vizazi tofauti. Ukiweka nakala ya mbali kando ya iliyo karibu na kanda mama, ile iliyorekodiwa ukumbini, utadhani watu wawili walikaa viti tofauti, kumbe maikrofoni ni zile zile na usiku ni ule ule.

Sababu inaeleweka. Kila unaponakili kaseti kwenda kaseti, kanda mpya inaongeza mvumo wake juu ya ule wa zamani. Mivumo miwili yenye nguvu sawa ikijumlishwa inapanda 3 dB, minne inapanda 6 dB. Juu ya hapo, kila deki ina kichwa chenye mwelekeo wake na mota yenye kasi yake, kwa hiyo matoazi yanafifia na noti zinahama kidogo katika kila hatua. Hakuna kitufe cha kurudisha kile ambacho kizazi cha nne hakikukipokea kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni nasaba: nani alirekodi na vifaa gani, kanda ilinakiliwa mara ngapi, nani aliihamisha na deki ipi. Ikiwa kuna kanda iliyo karibu zaidi na mama, itafute kwanza, hata ikichukua muda.

---

FundiDeki

Naunga mkono, na naongeza upande wa deki kwa sababu huko ndiko watu huharakisha.

Kabla ya kuweka kanda adimu, safisha vichwa na kapstani, ile pini inayovuta kanda, kwa pamba na alikoholi ya isopropili ya 99%. Roli ya mpira ipangusie kitambaa chenye unyevu kidogo tu, maana alikoholi nyingi hukausha mpira na mpira mkavu hutelezesha kanda. Ondoa sumaku iliyojikusanya kwenye vichwa kwa kifaa chake: deki iwe imezimwa, kanda yoyote iwe mbali, na kifaa ukisogeze mbali taratibu kabla ya kukizima. Ukikizima kikiwa karibu na kichwa, unakiachia sumaku zaidi ya uliyoikuta.

Angalia ganda la kaseti. Kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma kanda kwenye kichwa hudondoka gundi ikizeeka, na bila hicho sauti ya juu inakuja na kutoweka. Usibandike kwa kubahatisha. Tafuta kaseti nzuri ya skrubu tano, fungua zote mbili juu ya meza safi, hamisha kanda na vikorokoro vyake, funga. Ikiwa ganda la zamani limegandishwa halina skrubu, lipasue kwenye mshono kwa subira, ukianzia upande ulio mbali na kanda. Kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja, ili ijifunge kwa mvuto ulio sawa.

C-120 zipewe heshima ya pekee. Kanda yake ina unene wa takriban mikroni 9 tu, wakati C-90 ina kama 12. Inanyooka na kukunjika kirahisi, kwa hiyo usiirudisherudishe nyuma kutafuta wimbo.

---

Wimbi_Refu

Mkuu FundiDeki, azimathi, yaani mwinamo wa kichwa dhidi ya kanda, unairekebishaje bila kanda ya majaribio? Wengi wanaogopa kugusa ile skrubu.

---

FundiDeki

Kanda ya majaribio haikusaidii sana hapa, ndugu. Inakuambia deki yako imekaa sawa na kiwango cha kiwandani, lakini deki iliyorekodi konseti huenda haikukaa sawa na kiwango hicho. Unachotaka ni kichwa chako kiinamie vile vile kilivyoinamia kichwa kile.

Kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Wimbi la 10 kHz likilazwa kwenye kanda lina urefu wa mikroni 4.76 tu. Mwinamo mdogo sana wa kichwa unatosha kulifuta, na njia mbili za stereo zinaanza kupishana kwa wakati.

Fanya hivi. Chagua sehemu yenye matoazi au makofi ya watu. Unganisha kushoto na kulia viwe mono. Vaa hedifoni. Zungusha skrubu ya pembeni mwa kichwa, ile yenye springi chini yake, kwa hatua ndogo sana huku ukisikiliza. Kwenye mono kosa la azimathi linasikika kwa ukali: sauti ya juu inakuwa kama imefunikwa blanketi, halafu ghafla inafunguka, kisha ikifunikwa tena umepita. Rudi katikati. Kwa kawaida hutazidi robo ya mzunguko. Ukijikuta umezungusha zaidi na bado hakuna kitu, simama, tatizo ni lingine: uchafu, sponji, au kanda imepinda. Upande B rudia upya kabisa, kwa sababu mkao wa kanda hubadilika ukigeuza kaseti.

Deki zinazosoma kanda pande zote bila kuitoa ziepuke kwa kazi hii, kichwa chake kinachozunguka hakitulii mahali pamoja. Nakamichi Dragon ya 1982 inajirekebisha azimathi yenyewe wakati wa kucheza, ila deki yoyote nzuri ya vichwa vitatu iliyotunzwa inatosha.

---

NotiYaLa

Kuhusu Dolby, tafadhali mpangilio uzingatiwe. Dolby B wakati wa kurekodi huinua sauti za juu zilizo dhaifu hadi 10 dB, na wakati wa kucheza huzishusha kwa kipimo kile kile. Kisimbuzi, sehemu inayozishusha wakati wa kucheza, kinaamua kwa kuangalia nguvu ya sauti iliyopo. Azimathi ikiwa mbovu, sauti ya juu inafika ikiwa dhaifu kuliko ilivyorekodiwa, Dolby inadhani inapaswa kushusha zaidi, na matokeo ni giza juu ya giza. Watu wengi wakalaumu Dolby wakaizima, wakapata sauti kali yenye mvumo, wakaiita "angavu." Kosa lilikuwa la skrubu.

Kwa hiyo azimathi kwanza, Dolby baadaye. Na kama kanda ilirekodiwa bila Dolby, usiiwashe ili kupunguza mvumo. Itakula pumzi za matoazi na mwangwi wa ukumbi.

Nasaba ikiwa haisemi, hamisha mara mbili: mara moja Dolby ikiwa imezimwa, mara moja ikiwa imewashwa. Sikiliza mwisho wa wimbo mtulivu, pale gitaa linapofifia. Ikiwa mvumo unapanda na kushuka ukifuata sauti, au matoazi yanazimika kabla ya wakati wake, umesimbua kitu ambacho hakikusimbwa.

Jambo dogo la kuongezea: swichi ya aina ya kanda. Kanda ya kromu iliyorekodiwa kwa usawazishaji wa sauti za juu wa mikrosekunde 70, ukiicheza kwenye ule wa 120, sauti ya juu inazidi kwa karibu 4.7 dB. Hiyo unaweza kuisahihisha kwenye kompyuta, lakini ni lazima iwe kabla ya kusimbua Dolby.

---

Kizazi_Sifuri

Umesema kweli. Kwa kuingiza kwenye kompyuta: biti 24, 96 kHz, vilele vya juu kabisa visizidi -6 dB. Usiguse ikwalaiza wala kikomo cha sauti, kile kinachobana vilele, wakati wa kuhamisha. Faili hilo ghafi lihifadhi sehemu mbili na usilifanyie kazi kamwe, fanyia kazi nakala. Miaka kumi ijayo mtu atakuwa na chombo bora zaidi, naye atahitaji ghafi, si "toleo lililoboreshwa" letu.

---

Kapstani

Nije kwenye kasi, maana hapa rekodi nyingi zinazosifiwa bado ziko mbali na ukweli.

Kinasa cha betri kikiishiwa nguvu, mota inapunguza mwendo wakati wa kurekodi. Ukiicheza kanda hiyo kwa kasi ya kawaida, sauti inakwenda haraka na noti zinapanda. Ndiyo maana rekodi inaanza sawa, na kufikia nyimbo za mwisho mwimbaji anasikika kama kijana. Kusahihisha kwa asilimia moja kwa konseti nzima hakutoshi. Pima mwanzo na mwisho wa kila wimbo, chora mstari wa mabadiliko, na usahihishe kwa mstari huo.

Upime kwa nini? Kwanza mngurumo wa umeme. Amplifaya za gitaa na mfumo wa spika za ukumbi hunguruma, na maikrofoni huunasa hata kama kinasa kinatumia betri. Marekani ni 60 Hz, Ulaya ni 50 Hz. Tumia spektrogramu, picha ya masafa ya sauti, yenye dirisha kubwa, sampuli 65,536 au zaidi, kwenye kimya kati ya nyimbo. Ukiona mstari kwenye 61.8 Hz kwa konseti ya Marekani, rekodi iko juu kwa 3%, yaani karibu nusu ya nusu toni. Irudishe kwenye 97.09%. Mistari ya 120 na 180 Hz huonekana vizuri kuliko wa 60, itumie kuthibitisha.

Tahadhari: kama mstari uko kwenye 60 au 50 kamili na hauhami hata noti zinapohama, huo umetoka kwenye deki ya kuhamishia au ya kunakilia. Haukuambii lolote kuhusu usiku wa konseti.

Shahidi wa pili ni ogani ya Hammond yenye magurudumu ya kutoa sauti ndani yake. Mota yake inafuata mawimbi ya umeme, kwa hiyo mpigaji hawezi kuitunia kama gitaa. Ikiwepo kwenye konseti ya Marekani, ni kipimo cha kuaminika. Gitaa ni shahidi dhaifu: bendi nyingi zilishusha nyuzi nusu toni, Jimi Hendrix akiwa mfano unaojulikana sana. Ukilazimisha kila kitu kifikie noti ya La ya 440 Hz, utaharibu rekodi iliyokuwa sahihi.

Na mwisho: badilisha kasi, si noti peke yake. Programu zinazohamisha noti na kuacha muda vile vile hukatakata sauti na kuunganisha upya, na ngoma ndizo zinazoumia kwanza.

---

Wimbi_Refu

Na kuyumba kwa haraka, kule kutetemeka kwa piano?

---

Kapstani

Huko mkono hautoshi, mkuu. Programu ya Capstan ya Celemony husoma noti zenyewe na kukisia kasi. Hufanya vizuri kwenye piano na sauti za kuvuta, ila hudanganyika pale mwimbaji au gitaa linapotetemesha noti kwa makusudi. Njia nyingine ni ya Plangent Processes: wanasoma mabaki ya bayasi, ule mlio wa juu sana usiosikika ambao deki iliuandika pamoja na muziki, na kwa kuwa ulikuwa thabiti, kila unapoyumba ndipo kanda ilipoyumba. Ndiyo iliyotumika kwenye toleo rasmi la 2017 la konseti ya Grateful Dead ya 8 Mei 1977, Cornell. Inahitaji kanda mama na vichwa maalumu. Faili la 44.1 kHz halina tena mlio huo.

---

Tarumbeta_7

Wakuu, na sisi tulio na faili tu, kanda hatuna?

---

NotiYaLa

Anza kwa kulikagua. Fungua spektrogramu, Spek au Audacity zinatosha. Ukiona sauti imekatwa kama kwa rula kwenye 16 kHz, kuna MP3 ya biti chache kwenye nasaba, hata kama jina la faili linasema FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti. Usimalizie nguvu zako hapo, tafuta nakala nyingine. Kanda halisi hufifia taratibu, haina ukuta.

Kisha angalia kama ni mono iliyohamishwa kwa stereo. Ukitoa kushoto kwenye kulia na muziki ukapotea, ukabaki mvumo, ni mono. Hapo una zawadi: linganisha njia mbili hadi sehemu ya sampuli, zijumlishe, na mvumo utashuka 3 dB ukilinganisha na muziki, kwa sababu mivumo ya njia mbili haifanani. Ni usafi usio na madhara yoyote. Ila zikiwa zimepishana hata kidogo, sauti ya juu inaliwa, kwa hiyo sahihisha kwanza.

Vilele vilivyokatwa vina sura mbili. Kanda iliyojaa huviringisha kilele, sauti inakuwa nene lakini inavumilika. Maikrofoni au kikuza chake kikizidiwa, kilele kinakuwa bapa kama meza, na mara nyingi ubapa huo uko chini ya 0 dB kwa kuwa sauti ilishushwa baadaye. Programu ya kurejesha vilele ukiiacha itafute 0 dB haitaona kitu. Kuza wimbi, tazama ubapa uko wapi, weka kizingiti chini yake kidogo, na ushushe faili zima 6 dB kabla, ili vilele vipya vipate nafasi.

---

Tarumbeta_7

Asante mkuu. Na kupunguza mvumo wenyewe? Nikiweka 12 dB kunakuwa kimya safi kabisa.

---

NotiYaLa

Na muziki unakuwa chini ya maji. 12 dB ni nyingi mno kwa rekodi ya ukumbini. Programu inagawa sauti katika vipande vingi vya masafa na kuzima vile inavyodhani ni mvumo. Vile vya mpakani vinawaka na kuzima, ndiyo ile milio kama ya ndege wadogo nyuma ya matoazi.

Sampuli ya mvumo ichukue pale penye mvumo wa kanda peke yake, kwa mfano mwishoni mwa upande ambapo maikrofoni ilikwisha kuzimwa. Usichukue kati ya nyimbo: pale kuna watu, mwangwi, ukumbi. Ukiifundisha programu kwamba ukumbi ni uchafu, itauondoa ukumbi kwenye kila wimbo. Weka 3 hadi 5 dB, basi.

Halafu fanya jaribio la kutoa: geuza polariti (juu ya wimbi iwe chini) ya faili lililosafishwa, lijumlishe na la awali, usikilize kilichobaki. Kikiwa shhh tupu, uko salama. Ukisikia mdundo wa ngoma au silabi za mwimbaji, umechukua muziki. Na ukilinganisha matoleo, sawazisha nguvu kwanza, kwa sababu lenye sauti kubwa kwa 1 dB tu husikika "bora" bila sababu.

---

Kizazi_Sifuri

Mimi ningesema hata hizo 5 dB si za lazima, mkuu. Sikio linauzoea mvumo ndani ya dakika moja, lakini halizoei kamwe matoazi yaliyotafunwa. Ikwalaiza ndiyo yenye faida zaidi: kata kila kitu chini ya 30 Hz, punguza 2 hadi 4 dB pale ukumbi unapovuma, mara nyingi kati ya 80 na 200 Hz, uone jinsi sauti ya mwimbaji inavyojitokeza bila kuguswa. Makofi ya jirani wa maikrofoni yashushe moja moja kwa mkono, 3 hadi 6 dB kwa milisekunde 30 hadi 50. Kikomo cha sauti kikifanya kazi hiyo, kinaiburuza bendi nzima chini kila mtu anapopiga kofi.

---

Wimbi_Refu

Kuhusu kuchanganya rekodi ya meza ya miksa na ya ukumbini, ambayo wengi huiita matriksi. Kwenye kumbi ndogo rekodi ya meza huwa na sauti za waimbaji na ngoma juu, magitaa chini, kwa kuwa amplifaya za gitaa zilikuwa na nguvu tayari jukwaani na fundi hakuhitaji kuzipandisha. Rekodi ya ukumbini inajaza pengo hilo.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Maikrofoni iliyokuwa mita 30 kutoka kwenye spika imechelewa milisekunde 87. Isogeze ianze mapema zaidi hadi mipigo ya ngoma ndogo ikutane. Kosa la milisekunde 1 tu, rekodi mbili zikiwa na nguvu sawa, linachimba shimo kwenye 500 Hz, jingine kwenye 1,500, na kuendelea. Deki mbili hazikuwa na kasi moja: tofauti ya 0.1% ni sekunde 3.6 kwa saa. Rekebisha kasi ya kila moja kwanza kama alivyoeleza Kapstani, ndipo uzilinganishe, na uhakiki kila dakika mbili tatu. Besi ikipotea ukizichanganya, geuza polariti ya moja. Ya ukumbini ianze 6 dB chini ya ya meza, ipandishe mpaka magitaa yasimame.

---

Tarumbeta_7

Na programu za akili bandia zinazotenganisha sauti, ngoma na besi?

---

Kapstani

Demucs na wenzake wana matumizi, ila kwa kipimo. Tenganisha, pandisha kilichozama kwa 1 hadi 3 dB, kisha kirudishe juu ya rekodi ya awali ikiwa nzima. Ukijenga konseti upya kwa vipande hivyo peke yake, mwangwi wa ukumbi unabaki umegawanyika hovyo, kila kipande na kivuli chake. Watazamaji huangukia kwenye njia ya mwimbaji, kwa sababu na wao ni sauti za watu. Na iandike kwenye nasaba, kila mara.

---

Kizazi_Sifuri

Kuhusu kufunga kazi. Pengo la kugeuza kaseti, kwa C-90 baada ya dakika 45, lijaze kutoka rekodi nyingine ikiwepo, kwa kufifisha sekunde moja au mbili, na uandike dakika na sekunde kamili. Ukishusha kwenda biti 16, weka dita, mvumo mdogo sana wa kuficha makosa ya kupunguza biti, mara moja tu, mwishoni. Mipaka ya nyimbo iwe kwenye mafungu ya sampuli 588 kwa 44.1 kHz, la sivyo CD italia "tiki" kati ya nyimbo. Toa FLAC na alama za md5 za kuhakiki kwamba faili hazikuharibika. Faili la maandishi lieleze maikrofoni, kinasa, kizazi, deki ya kuhamishia, Dolby, asilimia za kasi, na kila badiliko la ikwalaiza. Wala rekodi isiuzwe.

---

FundiDeki

Nyongeza moja: ukishamaliza kanda hiyo, rudisha azimathi ya deki kwa kanda ya majaribio kabla ya kuweka nyingine. Weka alama ya rangi kwenye skrubu mapema, kabla hujaigusa mara ya kwanza, ili ujue ilikuwa wapi.